Ugali Mweupe, Chapati na Magomvi ya Mipakani

Unga unapopanda bei, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye duka, wa pili waziri, wa tatu mvua. Mara nyingi chanzo ni barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa katika nchi nyingine na mtu asiyejua kama sisi tupo. Nimefundisha uchumi wa kilimo kwa miaka mingi, na kila ugomvi wa biashara unapolipuka maswali huja yenyewe: dukani, msibani, kwenye daladala. Haya ni baadhi yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine nimeyapitia tu.

Shikamoo mwalimu. Mimi napika chapati na maandazi asubuhi, Tandika. Mwaka 2022 unga na mafuta vilipanda pamoja, tukaambiwa ni vita vya Ukraine. Unga ninaonunua mimi haujawahi kutoka Ukraine. Tulidanganywa?

Marahaba, mama. Hamkudanganywa, ila mlielezwa nusu.

Tanzania inakula ngano nyingi kuliko inavyolima. Mahitaji yanakaribia tani milioni moja kwa mwaka, na mavuno yetu ni sehemu ndogo sana ya hapo. Yale mashamba makubwa ya Hanang tuliyoyaanzisha kwa msaada wa Kanada hayakutufikisha tulikokusudia. Wakenya wana Narok na Uasin Gishu, lakini nao ngano yao nyingi hushushwa bandarini Mombasa.

Sasa chukulia soko la ngano la dunia kuwa ni mnada mmoja. Kabla ya vita, Urusi na Ukraine zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka. Majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, meli zikaacha kutoka Odesa. Misri, ambayo huagiza ngano kuliko karibu nchi zote duniani, haikuacha kula mkate kwa sababu hiyo. Ilihamia kwa wauzaji wengine, wakiwemo wale wale ambao kiwanda chako cha Dar es Salaam kinanunua kwao. Wewe na mwoka mikate wa Cairo hamjuani, lakini siku ile mlikuwa mnapandishiana bei. Kwa hiyo unga wako kweli haukutoka Ukraine, na bei yake kweli ilitoka huko.

Mafuta yana hadithi yake. Ukraine peke yake ilikuwa inauza karibu nusu ya mafuta ya alizeti yanayouzwa kimataifa. Yalipokosekana, wanunuzi wakakimbilia mawese. Hapo Indonesia, inayouza zaidi ya nusu ya mawese ya dunia, ikaogopa watu wake wasije wakakosa mafuta ya kukaangia, na tarehe 28 Aprili 2022 ikazuia kuyauza nje. Zuio lenyewe halikufika mwezi, liliondolewa tarehe 23 Mei, lakini bei haishuki kwa kasi iliyopandia. Chapati yako ilipigwa kwenye unga, ikapigwa tena kwenye kikaango.

Jambo la mwisho unalijua kuliko mimi: mteja hakuacha chapati, wala wewe hukupandisha bei siku ile ile. Chapati ilipungua upana. Mjerumani mmoja, Ernst Engel, aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Katika kapu linalotumika kupima mfumuko wa bei Tanzania, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2, Kenya ni karibu theluthi moja. Mmarekani wa kawaida hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya kipato chake kwa chakula anachopika nyumbani. Ngano ikipanda dunia nzima, yeye husoma habari gazetini, sisi husoma kwenye sahani.

Mimi ni mwenyeji wa Machakos. Machi 2021 serikali yetu ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ilikuwa afya, au ilikuwa biashara?

Yote mawili, na ndiyo maana ugomvi wa namna hii ni mgumu kuuamua.

Tuanze na afya, kwa sababu wewe wa Ukambani huwezi kufanyiwa mzaha na jambo hili. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huko kwenu, wengi Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Watanzania wa Dodoma na Manyara walizika watu wao kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2016. Sumukuvu huharibu ini. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwetu Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni. Anayesema sumukuvu ni kisingizio tu hajawahi kukaa kwenye msiba wake.

Sasa biashara. Barua ya tarehe 5 Machi 2021 haikusema lori hili limepimwa likakutwa na sumu, lirudi. Ilisema mahindi ya nchi mbili nzima yasiingie. Kuvu haijui bendera. Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya lenyewe lilisimamisha chapa tano za unga zilizosagwa na viwanda vya Kenya, kwa kosa hilo hilo la sumukuvu. Hakuna aliyezuia mahindi yote ya Kenya yasiliwe Kenya.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, nami nakupa wewe: sheria inatazama gunia, au inatazama gunia limetoka wapi? Ikitazama gunia, ni ya afya. Ikitazama lilikotoka, basi kuna mtu anafaidika, mtafute. Katika suala hili mkulima wa Trans Nzoia mwenye mahindi ghalani alikuwa na sababu ya kutabasamu. Mwenye kinu na mnunuzi wa pakiti ya kilo mbili hawakuwa nayo.

Baada ya siku tano zuio liliondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji wajisajili, shehena iwe na cheti cha kiwango cha sumukuvu, na cheti cha asili. Kwa kipimo changu hiyo ilikuwa hatua nzuri, maana sheria ilianza kutazama gunia. Tatizo ni kwamba vyeti vinahitaji maabara, na mfanyabiashara mdogo mwenye lori la kukodi Namanga hakuwa na maabara mfukoni. Malori yakaendelea kukwama. Rais Samia alipokwenda Nairobi Mei ya mwaka huo, suala la mahindi lilikuwa mezani kwa marais.

Mimi nalaumu pande zote mbili. Kenya kwa kufunga mlango mzima, na sisi kwa kukasirika badala ya kukausha. Mahindi yakishuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuingia gunia, nusu ya ugomvi inakwisha. Turubai la kuanikia ni nafuu kuliko ujumbe wa mawaziri.

Kwa nini basi tusinunue mahindi ya bei nafuu kwenye soko la dunia, tuachane na majirani hawa?

Kwa sababu ya rangi. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, mtanivumilia.

Mahindi mengi duniani ni ya njano. Ni chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe, na huko Marekani sehemu kubwa hugeuzwa kuwa mafuta ya magari. Mahindi meupe ya watu kula ni soko dogo, lenye wauzaji wachache: Afrika Kusini, Meksiko, Zambia na wengine wa ukanda wetu, ikiwemo Tanzania na Uganda. Sisi tumeamua kwamba ugali ni mweupe. Hakuna sheria iliyopitishwa bungeni. Ni ulimi tu. Na ulimi huo umelifunga soko kubwa la dunia na kutuachia vijia vichache, vingi vyao vikipita kwa majirani wale wale tunaogombana nao.

Wazee wenzangu wa Tanzania wanakumbuka "yanga", ule unga wa njano wa msaada wa miaka ya shida, uliobandikwa jina kwa sababu ya jezi ya klabu. Mimi ni Simba, kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kuuchukia. Wakenya nao wanakumbuka mahindi ya njano ya ukame wa 1984. Tangu hapo rangi ya njano kwenye sahani imebeba maana ya njaa na foleni. Wataalamu wa lishe wanaweza kutuambia mpaka kesho kwamba mahindi ya njano yana karotini ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe hayana. Ni kweli. Hatuyali.

Bei ya mazoea hayo imewahi kuonekana wazi. Mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi, Kenya ilikaukiwa mahindi, na Mei meli ikatia nanga Mombasa na takriban tani 30,000 za mahindi meupe ya Meksiko. Serikali ikalipia ruzuku, pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Tafakari safari hiyo: zao lililozaliwa Amerika, likaletwa pwani yetu na Wareno, likaufukuza mtama mezani, sasa linarudi tena kwa meli kutoka kule kule lilikoanzia, kwa fedha ya mlipa kodi, ili mtu asile ugali wa rangi nyingine.

Silaumu ulimi. Nataka tu msomaji aone kwamba ladha ni sera ya biashara isiyoandikwa. Anayekula vitu vitatu ana majirani watatu wa kumtisha kidogo kidogo. Anayekula kimoja ana jirani mmoja wa kumtisha sana.

Sisi Pemba tunakula mchele wa nje. India walipozuia mchele 2023, kwa nini walituonea?

Hawakuwa wanawafikiria ninyi hata kidogo, na pengine hilo ndilo linalouma. India huuza karibu asilimia 40 ya mchele wa biashara ya dunia. Tarehe 20 Julai 2023 ilizuia mchele mweupe usio basmati, kwa sababu bei zilikuwa zinapanda nyumbani, mvua zilitiliwa shaka, na uchaguzi mkuu wa 2024 ulikuwa unakaribia. Zuio liliondolewa Septemba 2024, kura zikiwa zimeshahesabiwa. Waziri yeyote, awe wa Delhi, Jakarta au Dodoma, humwogopa mpishi wa mjini kwake kuliko mpishi wa ng'ambo. Mchele wa Mbeya ungewafaa, unanukia vizuri kuliko huo, lakini mpaka uvuke bahari kwa gharama zetu za usafiri, mfuko wa Karachi unakuwa umeshafika.

Aprili 2025 waziri alizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi. Nikiacha kula matofaa ya Afrika Kusini nimeisaidia nchi?

Kwa tofaa lako moja, hapana. Lakini zuio lile lilikuwa na mantiki ambayo mengine hayana.

Tanzania ilikuwa inalalamika kwamba ndizi zetu zimefungiwa Afrika Kusini kwa miaka, na Malawi mwezi Machi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi ya kwetu. Waziri Hussein Bashe akajibu kwa kufunga mlango. Muda mfupi baadaye ukafunguliwa. Ugomvi mfupi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kaya ya Kitanzania inayoshinda na njaa kwa kukosa tofaa. Mtoto akikosa tofaa atapewa embe, chungwa au papai. Na Malawi haina bahari. Malori yake mengi hutegemea njia ya Dar es Salaam. Silaha ya kibiashara hufanya kazi pale mlaji wako ana mbadala na muuzaji wa upande wa pili hana. Tungejaribu mchezo huo huo kwenye ngano, tungeshindwa kabla ya kifungua kinywa.

Agosti 2024 tuliona mfano mwingine: Kongo ilizuia bia na soda za Zambia, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa, na ndani ya siku chache wakaelewana. Bia ina watetezi wengi.

Hata wakubwa hugombana kwa sababu ya chakula?

Sana, na makovu yao hayafutiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei nafuu wa Marekani walifurika Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi, Ulaya ikawapandishia ushuru. Desemba 1963 Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye bidhaa kadhaa, zikiwemo pikapu. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru wa pikapu upo hadi leo.

Mwaka 2018 China iliweka asilimia 25 kwenye soya ya Marekani. Soya ile si ya Wachina kula. Ni ya nguruwe wao, ambao ni karibu nusu ya nguruwe wa dunia. Wachina hawakupunguza nyama ya nguruwe, walinunua soya ya Brazili, na serikali ya Marekani ikalazimika kuwafidia wakulima wake kwa mabilioni ya dola.

Mimi ni mkulima wa alizeti, Singida. Tulihimizwa tulime, tukalima, bei ikaanguka. Nani alituangusha?

Kalenda. Bajeti husomwa Juni. Alizeti yako hupandwa Desemba au Januari na huvunwa wakati bajeti inakaribia kusomwa. Serikali ikipunguza ushuru wa mafuta ya nje ili mpishi wa Tandika apumue, kama ilivyofanya bei zilipokuwa juu, mafuta ya nje huingia wakati gunia lako liko ghalani na mkopo wa mbegu uko shingoni. Mwaka unaofuata unalalamika, ushuru unapandishwa tena, lakini wewe umeshahamia kwenye zao jingine.

Wachumi wenzangu wengi watasema ondoa ushuru wote, soko liamue. Sikubaliani nao hapa. Kinu cha kukamua ni mtaji wa miaka mingi, na hakuna mwenye akili atakayekijenga juu ya ushuru unaobadilika kila Juni. Afadhali ushuru wa wastani uliotangazwa kwa miaka kumi kuliko ushuru mkubwa wa mwaka mmoja. Mpishi wa Tandika atalipa zaidi kidogo; nimemwambia hivyo uso kwa uso na hakufurahi. Wakati huo huo msisahau mashudu. Vinu vingi vinapata faida yake kwenye mashudu ya mifugo, na mkulima hulipwa kana kwamba ameuza mafuta tu.

Kwa nini serikali isiamuru tu watu wale mihogo na mtama?

Nigeria ilijaribu. Januari 1987 serikali ya Jenerali Babangida ilipiga marufuku ngano ya nje. Ngano ikaingia kwa magendo kupitia mipaka ya majirani, mkate ukawa ghali, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 marufuku yakafutwa. Mkate ulishinda jeshi.

Wanaotoa amri hizi, mara nyingi wanaume, husahau kwamba bei ya chakula haiko kwenye shilingi peke yake. Makande ni nafuu sokoni, lakini yanakula mkaa saa tatu. Mhogo unataka kumenywa, kulowekwa, kuanikwa, kutwangwa. Mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hanunui mkate kwa kuwa amesahau utamaduni wake, ananunua muda. Anayetaka mtama urudi mezani aulete ukiwa umesagwa vizuri, kwenye pakiti, karibu na bei ya sembe, na uive kwa dakika zile zile. Hapo hahitaji amri.

Na wewe mwalimu, unakula nini?

Swali la haki. Nahubiri mtama na nakula sembe nyeupe, iliyokobolewa, mara tano kwa wiki. Mke wangu alijaribu kunichanganyia unga wa muhogo bila kuniambia. Nilitambua tonge la kwanza.

Mchana huu nimekula ugali wa mahindi ya Songea, maharage ya Kigoma na mchicha wa bonde la Msimbazi. Dumu la mafuta limeandikwa kwamba yamesafishwa na kufungashwa Dar es Salaam. Halikuandikwa yalikokamuliwa.